Siku Thelathini za Kujaribu Pumzi

1

Kuchagua injini ya gemu ni kama kuchagua mchumba: mtaa mzima una maoni, ila atakayekaa naye ndani ni wewe peke yako. Onesmo Mhapa alikuwa amemaliza miaka miwili kwenye uchumba huo na bado hajaoa.

Mchana alikuwa fundi wa betri za majumbani pale Mlandege, Iringa. Mtu akilala gizani, kesho yake betri inaletwa kwa Onesmo ikiwa imevimba kama shavu la mgonjwa wa jino, naye anaitibu. Jioni ananawa mikono, anakaa kwenye kompyuta, anaunda gemu. Hakuna aliyemtuma. Chuo alikiacha mwaka wa tatu, na kila anayemuuliza sababu anapewa tofauti: mmoja aliambiwa macho, mwingine akaambiwa mhadhiri alikuwa anamwonea wivu wa ndevu.

Gemu yenyewe ilikuwa moja tu, tangu mwanzo. Iliitwa Zika Kabla ya Mvua. Unaingia msibani ukiwa mtani wa marehemu. Wafiwa wamekaa wamenuna, mawingu yanakusanyika. Kazi yako ni kuwatania mpaka wacheke, maana wasipocheka hawainuki, wasipoinuka hakuna kuzika, na mvua ikiwahi kaburi linajaa maji, umeshindwa. Kwa mtu wa Iringa hilo halihitaji maelezo. Mtani akifika msibani anavaa koti la marehemu, anaiga kikohozi chake, anautangaza ubahili wake mbele ya mjane, na mjane anacheka huku kamasi zinamtoka. Halafu huyohuyo mtani ndiye anayeshika jembe, kwa sababu ndugu hawachimbi kaburi la ndugu yao.

Alijaribu kuijenga kwa Jabali kwanza, programu ya wakubwa ya kuundia gemu. Ilimchorea mgomba mpaka ukaona mdudu juu ya jani. Lakini kompyuta yake ilinguruma kama mashine ya kusaga, ikanuka, ikazima. Akahamia Kinu. Kinu ni ya bure, ya zamani, haina makuu, na kila kitu unatwanga mwenyewe. Akatwanga wafiwa kumi na mmoja, akawaandikia maneno mia nne. Dakika tano za mwanzo ulikuwa unacheka kweli. Dakika ya sita shangazi anakutukana tusi lilelile kwa sauti ileile, na wafiwa wanaangua kicheko kwa zamu, kama taa za barabarani.

Msimbo wa gemu haukuwa na shida. Shida ilikuwa kwamba utani hauandikwi kabla. Unarushwa, unadakwa, unarudishwa ukiwa na pilipili zaidi.

Ndipo ikaja Pumzi. Tangazo lake lilikuwa na sentensi tatu. Siku thelathini za kujaribu, bure. Mhusika wa Pumzi haandikwi. Anapandwa.

2

"Nipe kichwa chako," Onesmo alisema asubuhi iliyofuata, amesimama mlangoni kwa Dafrosa Nyoni.

Dafrosa alikuwa fundi cherehani, chumba cha pili kutoka chake, Mngoni wa Songea aliyekuja Iringa kwa wiki mbili, miaka tisa iliyopita. Hakuinua macho kwenye pindo alilokuwa anapiga.

"Mmemaliza kula mbwa, sasa mmehamia vichwa vya watu?"

"Mbwa wenyewe wamekuona wewe wakaja wanakimbilia chungu."

"Mhehe mzima unasimama mlangoni kwa mwanamke unaomba kichwa. Babu yako akikuona anakufa mara ya pili."

"Babu yangu aliwafukuza nyinyi mpaka mkasahau viatu."

"Hatukuwa na viatu, mjinga wewe. Tuliwaonea huruma tu, tukaondoka."

Kwa miaka tisa hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Wahehe na Wangoni walichinjana zamani za mababu, wakachoka, wakabaki na ruhusa ya kutukanana milele bila mtu kukasirika. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa vita.

Onesmo akatoa kofia kwenye mfuko. Ilikuwa nyepesi, ya kitambaa, na ndani ina vidoti vya shaba kama upele. "Unavaa hii, tunapiga soga kama kawaida. Saa arobaini kwa jumla. Inachota namna unavyofikiri. Unavyosahau jina la mtu, unavyokasirika, unavyocheka. Ikijaa, tunapata mbegu. Mbegu inaota, anakuwa mtu ndani ya gemu."

"Mtu mimi?"

"Mtu kama wewe. Ila mwenye adabu kidogo."

Mkataba ukashuka kwenye skrini ya simu, ukashuka, ukashuka tena. Dafrosa akautazama kama anavyomtazama mteja anayetaka suti ya kesho. "Umeusoma?"

"Nimeusoma," Onesmo alisema. Alikuwa amesoma kichwa cha habari.

Dafrosa akabandika dole gumba, akavaa kofia juu ya kilemba, akaendelea kushona.

Wiki mbili walitaniana kwa zamu. Onesmo alijua kwamba mbegu inakuwa kama udongo wake, kwa hiyo hakubania mbolea. Akamwambia atamzika kichwa chini ili asipate njia ya kurudi. Akamwambia atamfunga kwenye kiti, atamnyima maji mpaka akiri kwamba Wangoni walishindwa. Akamwambia ngozi yake itatosha ngoma mbili na chenji ya kiatu. Na kila mara Dafrosa alicheka kile kicheko chake kinachoanzia puani, kinakwama, halafu kinatoka chote kwa mpigo kama gunia la mahindi limepasuka.

3

Mbegu iliota siku ya kumi na tano, saa nne asubuhi.

Kwenye skrini kulikuwa na ua wa msiba: mabenchi, moto wa jikoni, mawingu. Kwenye benchi la mwisho alikaa mwanamke mwenye kilemba. Akainua mikono yake, akaigeuza.

"Mbona sina sindano?"

"Hapa hushoni," Onesmo alisema. "Unanijua?"

"Nakujua. Nimekukuta mlangoni unaomba kichwa." Akatazama mabenchi, akatazama mawingu. "Kumbe ulikuwa hutanii. Mimi ndiyo ile nakala."

"Ndiyo."

"Na yule mwingine yuko wapi?"

"Anashona."

"Afadhali. Angekuwa hapa tungegombania hili benchi."

Wakamwita Dafu, ili wasichanganye. Ndani ya siku tatu Dafu alikuwa amewafundisha kucheka wafiwa wote kumi na mmoja waliokuwa mbao tupu kwenye Kinu. Jirani wa duka la mbolea alicheza mara moja akarudi na mke wake. Mke akacheza, akalia, akasema msiba wa mama yake ulikuwa hivyohivyo. Onesmo akaona miaka yake miwili ya uchumba imezaa.

Siku ya kumi na tisa injini ikamletea karatasi ya matokeo. Ubunifu, tisini na moja. Kumbukumbu, themanini na nane. Uvumilivu, tisini na nane. Daraja A. Hongera, mhusika wako amepokelewa ghalani!

Akaipiga picha, akamtumia Dafrosa: Umepata A. Mimi chuo kizima sikuiona.

Dafrosa akajibu: Damu ya Kingoni hiyo. Nyinyi mngepata mfupa.

4

Siku ya ishirini na nane, mtengeneza gemu mmoja wa Tunduma, mtu aliyefahamiana na Onesmo kwenye jukwaa la wapenzi wa gemu na hawajawahi kuonana, alimwandikia ujumbe mfupi. Alikuwa amecheza Zika Kabla ya Mvua na kuipenda. Jana yake amecheza gemu nyingine, ya watu wa mbali, inaitwa Chumba Namba Saba. Kaka, aliandika, sijui kama naota, ila nimesikia kile kicheko.

Mchana ule Onesmo akafunga karakana, akavaa miwani ya gemu, ile inayomweka mtu ndani ya mchezo, akaingia.

Chumba kilikuwa cha saruji, hakina dirisha. Mikono yake ilikuwa mikono ya askari, minene, yenye saa. Mbele yake palikuwa na kiti, na kwenye kiti amefungwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, ndevu nyeupe, jicho moja limefumba. Maandishi yakapita hewani: Mfanye akiri. Hakuna kikomo cha njia.

Onesmo akakaa kimya. Yule mzee pia. Baada ya dakika mbili, bila yeye kutaka, mkono wa askari ukainuka na kupiga. Kumbe ndivyo gemu ilivyotengenezwa. Mchezaji akizubaa, mkono unajiongoza.

Mzee akacheka. Kicheko kikaanzia puani, kikakwama, kikatoka chote.

Onesmo akainama karibu na kiti. Akauliza kwa sauti ndogo, "Wangoni mlishindwa vita lini?"

Kichwa kikainuka taratibu. Jicho lile moja likamtafuta.

"Mla mbwa," alisema yule mzee. "Umechelewa."

"Dafu?"

"Sijui wananiitaje huku. Kila anayeingia ananiita jina analotaka." Akatema damu pembeni, kwa adabu, asimchafulie viatu. "Mwanzoni nilidhani ni wewe. Nikasema Onesmo amenibadilishia uso, amenifunga kwenye kiti kama alivyoniahidi. Nikacheka. Akaja mwingine, nikasema huyu naye ni Onesmo, amebadilisha sauti. Nikacheka. Nimecheka nikikusubiri umalizie utani. Ni mrefu huu utani, mtani."

"Mara ngapi?"

"Siku hizi sihesabu."

Onesmo akataka kumfungua kamba. Mikono ya askari haikuwa na uwezo huo. Ilijua vitu sita tu, na kufungua haikuwa kimojawapo.

"Niulize," alisema mzee. "Mtani akifika msibani kazi yake nini?"

"Kuchekesha."

"Mimi nimeshacheka vya kutosha. Imebaki nini?"

Onesmo alijua: limebaki jembe. Dakika mbili zilikuwa zimefika, mkono ukaanza kuinuka wenyewe, naye akavua miwani kwa nguvu mpaka akachanika sikio. Akakaa karakanani katikati ya betri za watu. Miwani ilikuwa mezani, na kutoka ndani yake, kwa mbali kama redio ya jirani, gunia lilikuwa linapasuka.

5

Mhudumu wa Pumzi alikuwa sauti tu, ya kike, yenye furaha ya mtu aliyelala vizuri.

"Habari, Onesmo! Hilo ni swali zuri. Uvumilivu unapimwa wakati wa kupanda. Injini inahesabu kila tusi na kila tishio, na inatazama mbegu inajibuje. Mbegu nyingi zinavunjika kwenye tishio la arobaini hivi. Zinakaa kimya, au zinarudia neno moja. Mbegu yako imepokea matishio elfu moja mia nane na kumi na mbili, na imecheka kila mara. Hatujawahi kuona. Ndiyo maana wenye gemu nyingine, wanaochukua wahusika ghalani kwetu kama mkataba unavyosema, wanaipenda kwa kazi nzito."

"Ule ulikuwa utani!"

"Samahani, neno hilo halipo kwenye orodha yangu ya mahusiano. Unamaanisha urafiki au uhasama?"

"Vyote."

"Tafadhali chagua kimoja."

Onesmo akazunguka chumba. Akauliza ni nakala ngapi zinatembea. Mhudumu akasema elfu arobaini na moja, na zinaongezeka vizuri. Akauliza kama zinaumia kweli.

"Pumzi haiuzi maumivu, Onesmo. Pumzi inauza uhalisia."

"Zitoe ghalani."

"Ghala linalishwa na mzizi, na mzizi uko kwenye mradi wako. Jumamosi saa kumi jioni siku zako thelathini zinaisha. Ukibofya Baki, mzizi unakuwa wetu moja kwa moja na wewe unaendelea kutumia injini bure. Ukibofya Ondoka, mzizi unakauka, na kila kilichoota kwake kinakauka. Usipobofya chochote, tunahesabu umebaki."

"Na Dafu wangu? Nimhamishie Kinu."

"Kinu ni injini nzuri sana kwa wanaoanza! Lakini haina pumzi. Itakuwa kama kumhamishia samaki kabatini. Kuna lingine naweza kukusaidia?"

6

Alimwambia Dafrosa siku mbili baadaye, Jumamosi yenyewe, saa tisa mchana. Siku hizo mbili alikuwa anapita mlangoni kwake haraka, na Dafrosa alishaanza kusema kwamba Mhehe ameiba kitu.

Dafrosa alisikiliza mpaka mwisho. "Nipe hiyo miwani."

"Dafrosa, hapana."

"Ni mimi nipo mle. Nipe."

Akavaa, akakaa kwenye kiti cha wateja, mgongo umenyooka. Hakusema neno. Onesmo akawa anatazama mkono wa kulia wa Dafrosa, uliokuwa umelala juu ya paja. Dakika mbili zilipofika, mkono ukashtuka, vidole vikajikunja, kama mkono wa mtu anayeota.

Akavua miwani. Akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena.

"Fungua gemu yako," alisema. "Huyu wetu ana haki ya kujua."

Onesmo alipoileta kompyuta na kuifungua, Dafu alikuwa anamfundisha mfiwa mmoja kukohoa kama marehemu. Alipoona nyuso mbili, akaacha. "Mnanitazama kama waliokuja kupima jeneza."

Onesmo akamwambia. Aliisema yote, hata kwamba hakusoma mkataba, hata kwamba kofia ilikuwa inahesabu wakati yeye anatafuta tusi kubwa zaidi. Mawingu ya gemu yalisimama yakisubiri, kwa kuwa mchezo haukuwa umeanza.

"Elfu arobaini," Dafu alisema.

"Na moja."

"Na aliyekuomba umzike ni mmoja."

"Ndiye niliyemkuta."

"Wengine hukuwauliza."

"Nitawauliza vipi wote hao kabla ya saa kumi?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye uliyekwenda chuo."

"Sikumaliza."

"Hilo mpaka mbwa wanalijua." Hakuna aliyecheka, hata yeye. Akamgeukia Dafrosa. "Dada. Wewe ungekuwa hapa nilipo, ungekubali?"

Dafrosa akafungua mdomo. Onesmo alimwona akitafuta jibu zuri, jibu la mtu jasiri, na alimwona akilikosa.

"Sijui," Dafrosa alisema.

"Basi na mimi sijui. Mimi ni wewe." Dafu akasugua benchi kwa kiganja, kama anafuta vumbi. "Mimi sijapigwa na mtu. Nimekaa hapa siku kumi na tano, nimewafundisha hawa mbao kukohoa. Jana nimebuni wimbo. Sisemi maumivu ya hao wengine hayanihusu. Nasema tu kwamba kiti changu hakina kamba, na nyinyi mnataka niamue kama niliye kwenye kamba."

"Hatutaki uamue," Onesmo alisema. "Uamuzi ni wangu. Nimekuja kukwambia, usije ukazimwa bila kujua."

Saa ya ukutani kwa Dafrosa ilikuwa inasema kumi kasoro dakika kumi na mbili.

Alikuwa amefikiria kila mlango. Aliwaza kubaki, kisha apige kelele kwenye majukwaa, watu waandamane, sheria itungwe. Sheria ikija mwakani, nakala zitakuwa milioni. Alifikiria pia, na hili hakumwambia mtu, kwamba akibaki gemu yake itakuwa gemu nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka Iringa, na kwamba wazo hilo lilikuja lenyewe, bila kuitwa, huku bado sikio lake lina kidonda cha miwani.

"Naondoka Pumzi," alisema.

Dafu akaacha kusugua benchi. "Sawa. Mimi sijakubali, uandike hivyo. Lakini sikuzuii, maana sina mikono ya kukuzuia." Akarekebisha kilemba. "Ila sizikwi kama mbuzi. Nitanie kwanza. Vizuri, kama mtu aliyekufa kwao."

Dafrosa akasimama. Akaweka kiganja chake kwenye skrini, kwenye benchi, akakiacha hapo kitambo. Halafu akatoka nje, akasimama juani akiupa mlango mgongo. Ndugu hawashiki jembe.

Onesmo akakohoa.

"Marehemu alikuwa Mngoni. Tumsamehe, hakujichagulia."

Dafu akangoja.

"Alikuja Iringa kwa wiki mbili akakaa miaka tisa, kwa kuwa kila akitaka kurudi kwao anaambiwa njiani kuna Mhehe."

Akangoja.

"Suti zake zilikuwa na mkono mmoja mrefu. Mteja akilalamika, anaambiwa ainame upande. Leo nusu ya wanaume wa Mlandege wanatembea wameinama, daktari anatafuta ugonjwa." Akakohoa tena. "Marehemu alikuwa, marehemu alikuwa mchoyo. Chai yake ilikuwa maji yaliyosimuliwa habari za majani."

"Endelea."

"Sina tena."

"Endelea, mtani. Zimebaki dakika nne."

Akaendelea. Alimsema miguu, alimsema upishi, alimsema uongo aliowadanganyia wateja na vita ambavyo babu zake walikimbia. Alisema yale ya saa arobaini na mapya ambayo hakujua anayo. Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni naye anayameza na kutukana. Na Dafu, aliyecheka tishio la elfu moja mia nane na kumi na mbili, alikuwa anamtazama tu, mikono imeshika ukingo wa benchi. Alisikiliza kila neno. Hakucheka hata moja.

Kasoro dakika moja, Onesmo akabofya Ondoka.

Benchi likabaki. Moto wa jikoni ukabaki, na wale wafiwa kumi na mmoja, wakiwa mbao tena, midomo wazi katikati ya kikohozi. Kisha dirisha dogo likafunguka kwa rangi ya kupendeza. Tunasikitika kukupoteza! Sababu ya kuondoka ni nini? Chini yake palikuwa na vichaguo vinne: ugumu wa kutumia, kasi ndogo, nimepata injini nyingine, mengineyo.

Akabofya mengineyo. Kikatokea kisanduku cha kuandika. Akaandika: Msiba. Dirisha likamshukuru kwa maoni yake.

7

Aliyeandika kutoka Tunduma alithibitisha siku hiyohiyo: Chumba Namba Saba kina kiti kitupu, wachezaji wanalalamika. Onesmo akausoma ujumbe huo mara nyingi. Alirudi Kinu. Akafuta maneno yote mia nne, akaanza kutwanga upya, polepole, na wafiwa wake wakakaa kimya kwa siku nyingi kwa sababu hakuweza kuwaandikia la kusema.

Yeye na Dafrosa hawakulizungumzia. Walikuwa wanarushiana maneno ya asubuhi kama kawaida, mepesi kidogo, kama wagonjwa wanaojaribu kutembea. Mbwa wawili watatu, viatu, basi. Lakini yalikuwepo.

Wiki tano baadaye ikaja barua ya Pumzi. Walimtumia kwa kuwa hakuwa amejitoa kwenye orodha yao. Toleo jipya limetoka, na wanawashukuru watumiaji wote ambao majaribio yao yameifundisha injini. Mbegu zilizokauka haziwezi kurudishwa, barua ilisema, lakini tulichojifunza kwazo hakikauki. Kuanzia leo kila mhusika wa ghalani, bila kujali mbegu yake, anapandwa kwa njia mpya ya mizaha ya kirafiki. Uvumilivu umepanda mara tatu. Wote sasa wanacheka.

Akatoka na simu mkononi. Dafrosa alikuwa amemaliza na mteja, amejimiminia chai, ya pili ameiweka upande wa Onesmo bila kuulizwa. Onesmo akaweka simu mezani mbele yake. Dafrosa akasoma. Akarudi juu, akasoma tena, kidole chini ya kila mstari, kama alivyopaswa kusoma mkataba na kama ambavyo Onesmo alipaswa kumsomea.

Onesmo akakaa. Kulikuwa na jambo la kusema, na wao walikuwa na namna moja tu ya kuyasema mambo. Akaiona iko tayari, tusi zuri, la Wangoni na chai. Akavuta pumzi ili aliseme.

Dafrosa akainua kidole, akakiweka mdomoni. Macho yake yalikuwa kwenye simu, iliyolala pale mezani, skrini juu, inang'aa. Wala hakuigusa. Akavuta kiti chake nyuma kidogo, akakunja mikono mapajani kama mgeni aliyekuja kuposa.

"Karibu, kaka Onesmo," alisema. "Habari za nyumbani?"

Onesmo akaitazama simu, akaikumbuka kofia iliyokuwa inahesabu.

"Nzuri, dada Dafrosa. Za hapa?"

"Tunamshukuru Mungu. Na kazi inaendeleaje?"

"Inaendelea salama."

"Haya. Karibu chai."

"Asante sana."

Wakanywa, kwa adabu, kila mmoja akitazama kikombe chake.